Sumaku ya Ng'ombe wa Mama

Kila mwaka nikifika mada ya sumaku na Gredi ya Saba, huwa naanza na uongo. Nawaambia wanafunzi kwamba kitu chochote kikivutwa na sumaku, basi nacho ni sumaku. Wanaandika. Hawa watoto wanaandika kila kitu; ningewaambia ng'ombe hutaga, wangeuliza mayai yake yana rangi gani. Kisha nachukua msumari mpya wa dukani, sumaku inaunasa, halafu nawapa msumari huo wautumie kuokota msumari mwenzake. Hauokoti. Wananitazama kama watu waliouziwa simu feki stendi, na hapo ndipo nawaambia ukweli. Kuvutwa si ushahidi. Chuma cha kawaida huvutwa na ncha yoyote ya sumaku, ya kaskazini au ya kusini, bila kubagua. Ukitaka kujua kama kitu ni sumaku kweli, tafuta ncha inayokisukuma. Ncha mbili za aina moja husukumana, na hakuna kitu kingine kinachosukumwa na sumaku kwa namna hiyo ila sumaku nyingine.

Sumaku zenyewe za shule ni za kutia huruma. Aliyezitunza kabla yangu alizirundika koponi kama kuni, ncha za aina moja zikilala pamoja, bila vile vipande vya chuma laini vya kuziba miisho. Sumaku ikilazwa hivyo miaka mingi huishiwa nguvu. Ikiangushwa sakafuni huishiwa, ikipashwa moto huishiwa, na Gredi ya Saba ni watu wenye bidii sana ya kuangusha. Nilizipanga upya inavyotakiwa, kaskazini kwa kusini. Ila kupanga hakurudishi nguvu iliyokwisha kutoka.

Mwaka ninaousimulia ni ule uliofuata kifo cha mama. Nilikuwa nimehama chumba changu cha kupanga mjini Embu na kurudi nyumbani kwetu, juu kidogo ya Manyatta, mahali ambapo majani chai yanakutana na kahawa. Sikuolewa na sina mtoto. Kaka zangu wawili wana familia zao Nairobi na Nakuru, kwa hiyo kikao cha ukoo baada ya mazishi kilikuwa kifupi: nyumba isibaki tupu, na mtu asiye na mume hana sababu ya kukataa. Sikukataa. Nilikasirika tu, na hasira yangu ilinisaidia kubeba masanduku.

Aliyenipokea nyumbani ni ng'ombe wa mama, mweusi mwenye doa jeupe pajani, anayelishwa zizini mwaka mzima. Mama alikuwa akiongea naye Kiembu kuanzia alfajiri, akimpa habari za kanisa na za bei ya kahawa, na ng'ombe huyo hakujua lugha nyingine. Mara ya kwanza nilimwambia kwa Kiswahili asogee, akaniangalia tu. Nilipomwambia kwa Kiembu, akasogea. Shuleni nilikuwa nafundisha kwa Kiingereza na kugombeza kwa Kiswahili, na jioni nikifika nyumbani Kiembu changu chote kilikuwa cha ng'ombe. Kulikuwa na siku ambazo sikumsemesha mtu mzima yeyote kwa lugha ya mama yangu, ila yule mnyama. Nilikuwa mpweke. Sioni haja ya kulipamba neno hilo.

Mgeni wangu alikuwa mmoja, mama mzee wa boma la jirani, aliyeimba na mama katika kikundi cha akina mama kanisani tangu wote wawili wakiwa na meno kamili. Alikuwa akipita langoni, anaacha ndizi au viazi vikuu, anauliza kama nimekula, anaondoka. Mimi sikuwahi kwenda kwake. Nilijiambia kwamba nina madaftari ya kusahihisha.

Mama tulimzika shambani, chini ya nyumba, kando ya kishamba cha nepia, nyasi ndefu za kulishia ng'ombe. Tangu siku ile sikuwa nimeshuka kule. Nilikata nyasi za upande wa juu, nikapita njia ya juu, nikachota maji ya mfereji wa juu. Nepia ya upande wa kaburi ikarefuka hadi ikaficha msalaba, na kusema kweli niliona afadhali, maana dirisha la jikoni linaangalia kule; hata hivyo pazia nililiacha limefungwa.

Kiangazi kilipozidi, ng'ombe akaacha kula. Kwanza nilidhani ni maringo, kwa sababu nepia ya juu ilikuwa imekauka na kubaki vijiti. Halafu maziwa yakapungua ghafla, na asubuhi moja nikamkuta amesimama mgongo umepinda juu, viwiko vya mbele ameviachanisha na kifua, miguu ya mbele ameipandisha kwenye ukingo wa sakafu. Nilipomvuta ashuke alikoroma kwa maumivu. Nilimuuliza kwa Kiembu ana nini, nikajikuta nalia, mtu mzima, nimeshika kamba.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki kabla ya saa nne. Ni kijana mpole, huwa haongei mpaka aoshe mikono. Alimpima joto, akaweka sikio kifuani, kisha akamfinya ngozi ya mgongoni, juu ya mabega. Ng'ombe mzima akifinywa hapo huinamisha mgongo. Wetu aliukaza na kuguna.

"Mwalimu, huyu amemeza chuma," alisema. "Msumari ama waya. Kuna fundi amejenga hapa juzi juzi?"

"Hakuna fundi. Hata msumari wa kutundika kalenda sijapiga."

"Basi ni kwa nyasi. Ng'ombe hachambui. Anafagia tu, anameza, atatafuna baadaye."

Alinieleza kwa kuchora kwa kijiti kwenye mavumbi. Chuma ni kizito, hakiendi mbali, huangukia tumbo la pili, lile lenye kuta kama sega la nyuki. Tumbo hilo hukaa mbele, na kati yake na moyo kuna ukuta mwembamba tu. Kila tumbo likijibana, waya unasukumwa kidogo. Ukifika kwenye moyo, hakuna dawa.

"Tunampa magnet anameza," alisema. "Inaanguka palepale, inashika ile waya, haitembei tena. Lakini stock yangu imeisha. Kesho nitapata Embu town, kwa agroveti. Leo nampiga sindano, na wewe umuinue mbele, asimame kama anapanda mlima. Maziwa mwaga yote, usipeleke deri mpaka nikwambie."

Baada ya yeye kuondoka nilijaza udongo mbele ya zizi, nikapanga mbao juu yake, nikampandisha. Nikampigia kaka yangu mkubwa, kwa sababu mambo ya ng'ombe wa mama ni ya wote.

"Sister, uza huyo leo," alisema. "Bucha ya Manyatta watamchukua akiwa anasimama. Akifa mwenyewe, tumekosa ng'ombe na tumekosa nyama."

"Hataenda bucha."

"Na wewe unamng'ang'ania wa nini? Si maziwa unanunua tu kwa paketi?"

Ningemwambia nini? Kwamba huyu ng'ombe akiondoka, hakuna atakayegeuza kichwa nikifungua lango? Kwamba sauti ya mwisho aliyoijua mama kila jioni ni ya huyu? Mambo hayo hayasemeki kwa simu, na kaka yangu alikuwa kwenye foleni benki. Nilimwambia tungoje daktari arudi. Akasema nikimpoteza nisimpigie tena kumlilia, na akakata.

Sasa nilitaka kujua chuma kilitoka wapi, kwa kuwa kama kilikuwepo kimoja huenda kilikuwepo kingine. Sumaku za shule hazingenisaidia. Redio ya mama ilikuwa imekufa kabla yake, na nyuma ya spika ya redio kuna sumaku ya duara yenye nguvu kuliko kopo lote la maabara. Niliitoa kwa bisibisi, nikaifunga kwa mtandio, nikaipitisha polepole horini, kwenye mabaki ya nyasi zilizokatwa kwa panga. Sumaku haihitaji kugusa. Nguvu yake hupita katika kitambaa, katika karatasi, katika mbao, na hupita katika nyama vilevile, ndiyo maana ya kuimeza. Tena hubagua. Ilipita juu ya kipande cha alumini cha kifuniko cha maziwa ya paketi bila kukijali. Ilipofika pembeni, kitu chembamba kikaruka na kuganda kwenye mtandio.

Kilikuwa kipande cha waya chenye urefu wa kidole, kimekatwa kwa panga, ncha kali kama sindano. Kwenye waya ule kulikuwa na utepe wa kijani wa karatasi, ule wanaozungushia mabua ya maua ya bandia.

Nikajua hapohapo. Siku ya mazishi kaburi lilifunikwa mashada, ya shule, ya kanisa, ya kaka zangu, kila moja limesukwa juu ya duara la waya. Kwetu hakuna anayeyaondoa mashada. Hukaa pale mpaka maua yachakae, ribboni zipauke, mvua iyazamishe kwenye nyasi, na kila mtu huona ndiyo heshima. Nilishuka chini ya nyumba kwa mara ya kwanza. Nepia yote iliyozunguka kaburi ilikuwa imekatwa, chini kabisa, kazi safi ya mtu anayejua panga. Msalaba ulionekana. Mashada yalikuwa yamebaki mbavu za waya zilizokatika, nyingine hazipo.

Mimi sikukata nyasi zile. Kwa upande huo wa uzio, mwenye kupita bila kuuliza alikuwa mmoja tu.

Nilikaa chini pale, nikiwa bado nimeshika sumaku. Sikuwa na hasira naye, na mimi ni mtu wa hasira. Niliona tu mwanamke mzee akifika wakati niko shuleni, anaona kaburi la rafiki yake limemezwa na majani, anakata, anafunga mzigo, na badala ya kwenda nao kwake anampelekea ng'ombe wa marehemu, kwa sababu ni kiangazi.

Daktari alirudi kesho yake na sumaku ndani ya pakiti: kipande cha mviringo kama kidole, laini, miisho yake haina kona, kizito kuliko nilivyotarajia. Aliitia kwenye bomba refu la kumezeshea dawa, mimi nikashika pua, ng'ombe akapiga kwato, kisha koo likateremka. Basi, imekwisha. Jambo ambalo nimelifundisha maisha yangu yote lilipita mbele yangu kwa muda wa kumeza mate.

"Na tutajuaje imekaa mahali pake?" niliuliza.

"Kama shule iko na dira, ilete. Iweke hapa nyuma ya kiwiko cha kushoto. Itakwambia."

Nilileta dira jioni. Kwetu sindano ya dira haielekei Mlima Kenya. Huupita kwa kulia, Mlima ukibaki upande wa kaskazini-magharibi. Nilisimama nayo mlangoni mwa zizi, ikaonyesha palepale ilipozoea. Nikaisogeza kwenye mbavu za ng'ombe, chini, karibu na kiwiko. Sindano ikatetemeka, ikaachana na kaskazini, ikageuka na kuelekeza ncha yake nyekundu kwenye tumbo. Niliposogeza kidogo kuelekea mbele, ncha hiyohiyo ikasukumwa nje na nyeupe ikaingia. Kuvutwa na kusukumwa, zote mbili, kupitia ngozi na ubavu. Sumaku ilikuwa mahali pake.

Ila dira haikuweza kuniambia kama sumaku imeushika waya. Wala haikuweza kuniambia kama waya ulikuwa tayari umefika moyoni. Hayo yalibaki kwa ng'ombe na kwa Mungu, na wote wawili ni wagumu wa kujibu. Nilirudi nikapima asubuhi, nikapima jioni, si kwa sababu ya elimu. Kila nilipomwekea dira nilikuwa na sababu ya kuegemea ubavu wake.

Jioni hiyohiyo ya dira, mama mzee alikuja. Alikuwa amesikia njiani. Alisimama mbele ya zizi, akamtazama ng'ombe aliyesimama juu ya mbao zangu, akauliza kwa Kiembu, "Ni nini kimemshika?"

Ningeweza kusema homa. Nilifikiri kusema homa. Lakini kiangazi hakikuwa kimeisha, mbavu za mashada zilikuwa bado chini, na mtu mwenye huruma ya kukata nyasi mara moja atazikata tena. Sikuweza kumlinda ng'ombe na kumlinda yeye kwa neno moja. Nilimwonyesha kile kipande cha waya.

Alikipokea, akakisogeza machoni, akasugua ule utepe wa kijani kwa kidole gumba. Kisha akakaa juu ya ndoo niliyokuwa nimeipindua.

"Ni mimi," alisema.

"Ni waya, mama. Ulikuwa kwenye nyasi."

"Nani alikata nyasi?"

Niliinama nikaziweka sawa mbao za ng'ombe.

"Niliona amefunikwa," alisema. "Kila nikipita naona amefunikwa. Nikasema, mwalimu ana kazi, hana nafasi. Wacha nimfungulie hewa." Alinirudishia waya. "Sikujua nilikuwa namuua ng'ombe wake."

Nilimwambia ng'ombe hajafa. Nilimwambia kuna sumaku, nikaanza kueleza, tumbo la pili, ncha mbili, nikasikia sauti yangu ikiwa ile ya darasani na nikaona haya. Aliinuka, akajifunga leso upya, akaondoka bila kuniuliza kama nimekula.

Hakurudi. Niliyaondoa mashada mwenyewe, nikapitisha sumaku ya spika kila mahali kuzunguka kaburi hadi ikawa haishiki kitu ila vumbi jeusi la mchanga. Niliongea na mama kidogo, nikiwa nimepiga magoti, maneno ya kawaida tu. Ng'ombe siku ya kwanza alilamba chumvi. Baadaye akala majani ya ndizi, machache, akiyachagua kama mgonjwa wa hospitali. Mgongo ukaanza kunyooka. Asubuhi moja niliingia nikamkuta amelala chini, nikashtuka, halafu nikaona taya zinazunguka: alikuwa anacheua. Nilikaa naye, nikachelewa gwaride la shule.

Daktari alikuja, akamfinya mgongo, ukainama. "Amepona huyu," alisema. "Na hiyo magnet haitoki, Mwalimu. Wala waya. Zitakaa humo pamoja mpaka mwisho wake. Haimdhuru tena, basi." Nilimpigia kaka, akasema, "Eeh, sawa," akaniuliza kama mvua imenyesha.

Maziwa niliendelea kuyamwaga, asubuhi na jioni, mpaka dawa iishe mwilini. Siku daktari aliponiruhusu, sikuyapeleka deri. Nilitia ya kwanza kwenye chupa, nikavuka uzio, nikaenda kwa mama mzee. Ilikuwa Jumapili, watu walikuwa kanisani, na nilitarajia kuiacha chupa mlangoni. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nilibisha, akauliza kwa ndani ni nani, nikasema ni mimi.

Alikuwa ameketi kando ya meko yasiyo na moto, na nguo ya kanisa ya kikundi chao imetundikwa ukutani.

"Hukwenda kanisani?" niliuliza.

"Nitakwendaje?" Hakuniangalia. "Kila asubuhi nimekuwa pale deri. Nasimama nyuma nione kama mkebe wenu umefika. Siku ya kwanza haukufika. Ya pili haukufika. Nikajua."

Nikaelewa kilichotokea. Nilikuwa namwaga maziwa kwa maagizo ya daktari, nikiona ng'ombe anapona, na ng'ambo ya uzio mwanamke huyu alikuwa anahesabu mkebe usiokuja. Hakuna aliyekuwa amempa habari. Mwenye habari alikuwa mimi, na njia ya kwenda kwake ni fupi kuliko ya kwenda mferejini.

Nilimpa chupa mkononi. Ilikuwa bado ina joto la kukamuliwa. Aliishika kwa mikono yote miwili, akaigeuza, akaniangalia.

"Ya nani haya?"

"Ni yake. Ya leo."

"Hakufa?"

"Hakufa, mama."

Aliikumbatia chupa kifuani. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Mimi nilishamlilia. Nilishawalilia wote wawili upya, yeye na mama yako," na akasogea kwenye benchi lake kunipa nafasi ya kukaa.